Ultrasaundi imesema mapafu ya mtoto yamekomaa: naweza kufanyiwa upasuaji mapema?

Swali: Shikamoo daktari. Huu ni ujauzito wangu wa pili. Wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji. Ultrasaundi ya kwanza nilipimwa nikiwa na wiki 10, na kwa hesabu hiyo leo nina wiki 35. Juzi nimepimwa tena. Ripoti inasema mtoto ana wiki 37 na uzito wa kilo 3, kondo la nyuma liko gredi 3, na aliyenipima akaniambia kwa mdomo kwamba mapafu yanang'aa kuliko ini, maana yake yamekomaa. Mume wangu anasafiri kikazi hivi karibuni, kwa hiyo tungependa upasuaji ufanyike wiki ijayo. Daktari wa kliniki anasema nisubiri hadi wiki 39. Dada yangu naye anasema niombe sindano za kukomaza mapafu ili tuwe na uhakika. Nani yuko sahihi? Na je, nirudie kipimo kila wiki tuone mapafu yanavyoendelea? – Mama Kijacho

Jibu: Marahaba, Mama Kijacho, na hongera kwa kufika wiki 35.

Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Daktari wako wa kliniki yuko sahihi. Ripoti uliyopewa haithibitishi kwamba mapafu ya mtoto yamekomaa, na hata ingethibitisha, hiyo peke yake isingekuwa sababu ya kumtoa wiki ijayo. Sindano nazo haziombwi kwa ajili ya kutuliza wasiwasi. Tena kuna jambo moja kwenye ripoti hiyo ambalo ninyi nyumbani mmelipokea kama habari njema, lakini mimi limenifanya nitake kujua sukari yako ikoje. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu kukomaa kwa mapafu. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni anaipata kwenye damu ya mama kupitia kondo, na mapafu yake yamejaa maji ambayo yanatengenezwa na mapafu yenyewe. Siku ya kuzaliwa, ndani ya muda mfupi sana, maji hayo yanatakiwa yaondoke, hewa iingie, na vifuko vidogo vya hewa vibaki wazi kila anaposhusha pumzi. Hapo pa mwisho ndipo penye kazi. Kuta za vifuko hivyo zina unyevu, na unyevu huzivuta zishikane, mithili ya mfuko wa nailoni uliolowa ndani: hewa ikitoka, pande mbili zinagandana, na kuupuliza upya kunahitaji nguvu. Kinachozuia kugandana ni utando mwembamba wa mafuta na protini uitwao safaktanti. Seli zinazoutengeneza huanza kuonekana kwenye wiki ya 24 hivi, lakini kiasi cha kumtosha mtoto ajitegemee kwa kawaida hupatikana kati ya wiki 34 na 36. Wengine huwahi kidogo, wengine huchelewa. Watoto wa kiume, kwa mfano, huwa nyuma kidogo ya wa kike.

Jambo hili halijajulikana muda mrefu. Ni mwaka 1959 ndipo Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na utando huo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati na akafariki siku mbili baadaye kwa tatizo hilohilo, akiwa mikononi mwa hospitali bora kabisa za zama zake. Sikuelezi hayo kukutisha. Leo mtoto wa umri ule, penye huduma nzuri, kwa kawaida huishi. Nataka tu uelewe kwa nini madaktari wa miaka ya sitini na sabini walitafuta kwa udi na uvumba njia ya kujua hali ya mapafu kabla ya kumtoa mtoto. Mengi uliyoambiwa na mpimaji wako ni urithi wa msako huo.

Sasa tuje kwenye ultrasaundi yenyewe. Mashine inatuma mawimbi ya sauti tumboni na kuchora picha kutokana na mwangwi unaorudi. Inaona vizuri maumbo: fupa la paja, vyumba vya moyo, maji ya uzazi, pafu lenye uvimbe au lililosukumwa na utumbo. Safaktanti haiioni. Utando huo ni mwembamba mno, na hakuna mashine ya kawaida ya kliniki inayoweza kuuonyesha. Kwa hiyo kila dalili inayotajwa kwenye ultrasaundi kuwa ya "kukomaa kwa mapafu" ni ushahidi wa kuzunguka. Inaangaliwa sehemu nyingine ya mwili wa mtoto, au kondo, kisha mapafu yanakisiwa yatakuwa yamefika wapi.

Chukua kondo la gredi 3. Mwaka 1979 Peter Grannum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walipanga makondo katika ngazi nne, kutoka 0 hadi 3, kwa kuangalia madoa meupe ya chokaa na mikato inayojitokeza kondo linapozeeka. Kwenye kundi lao la kwanza, kila mama aliyekuwa na gredi 3 alikutwa na mapafu ya mtoto yaliyokomaa kwa kipimo cha maji ya uzazi. Unaweza kufikiria furaha iliyokuwapo: sindano ya kuvuta maji tumboni ingeachwa, picha ingetosha. Lakini tafiti zilizofuata zilikuta gredi 3 kwa watoto ambao mapafu yao hayakuwa tayari. Zaidi ya hapo, chokaa ikionekana mapema kwenye kondo inaweza kuendana na presha ya mama, uvutaji sigara, au mtoto anayedumaa tumboni. Ndiyo maana daktari akiona gredi 3 kabla ya wiki 36, swali la maana kwake ni kama kondo bado linamlisha mtoto vizuri, si kama mapafu yameiva. Kwako, mtoto ana uzito mzuri, kwa hiyo sioni dalili kwamba ananyimwa chakula. Presha yako ipimwe tu kila unapohudhuria, kama ilivyo kawaida.

Dalili ya pili, pafu kung'aa kuliko ini, ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu inasikika kama kitu kilichoonekana kwa macho na hakuna wa kubisha. Ni kweli kwamba ujauzito unavyosonga mbele, mapafu ya watoto wengi huanza kuonekana meupe zaidi ya ini. Ila weupe wa picha unategemea mambo mengi yasiyohusiana na mtoto: mpangilio wa mwangaza kwenye mashine, aina ya kifaa kinachopitishwa tumboni, unene wa tumbo la mama, wingi wa maji ya uzazi, na kama pafu lilitazamwa kupitia katikati ya mbavu au nyuma ya kivuli chake. Wapimaji wawili, siku moja, kwa mama mmoja, wanaweza kutoa majibu mawili. Na hata wakikubaliana, wapo watoto wenye mapafu meupe waliozaliwa wakahangaika kupumua, na wapo ambao pafu lilifanana na ini wakazaliwa wakilia kwa nguvu.

Nyingine nitazipitia haraka kwa sababu unaweza kuzisikia. Kuna vituo vya mifupa kwenye goti na bega: cha mwisho wa fupa la paja huonekana kuanzia takriban wiki 32, cha juu ya muundi karibu wiki 35, cha bega karibu wiki 38. Kuna upana wa kichwa. Zamani kuliwahi kutumika kipimo cha sentimita 9.2 kama mpaka wa usalama. Kuna chembe nyeupe zinazoelea kwenye maji ya uzazi, ambazo mara nyingi ni ule utando mweupe wa ngozi ya mtoto, ingawa damu au kinyesi cha mtoto vinaweza kuleta picha inayofanana. Zote hizi zinatuambia mtoto ana umri mkubwa kiasi fulani. Hakuna inayoongea na mapafu moja kwa moja.

Wapo pia wanaochanganya na kitu kingine. Katika kipimo cha hali ya mtoto tumboni, mtaalamu hutafuta mtoto akitikisa kifua kama anayepumua, angalau mara moja kwa sekunde 30 ndani ya nusu saa. Mama akiambiwa "mtoto anapumua vizuri", anatoka akiamini mapafu yako tayari. Mtoto wa wiki 28 naye hufanya hivyo. Kipimo kile kinaeleza kama ubongo wake unapata oksijeni ya kutosha leo, basi.

Nisiwe mchoyo kwa wanasayansi, maana kazi inaendelea na mingine inavutia. Baadhi wanapima mwendo wa damu kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kwenda mapafuni: jinsi damu inavyopanda kasi kila moyo unapopiga hubadilika kadiri mapafu yanavyokua. Tatizo ni kwamba kila kundi la watafiti limekuja na mpaka wake wa namba. Wengine, hasa watafiti wa Barcelona, wametengeneza programu ya kompyuta inayosoma chembechembe za picha ya pafu kwa undani ambao jicho haliwezi, bila kutegemea sana mpangilio wa mwangaza. Kwenye majaribio ya nchi kadhaa, majibu yake yalikaribiana na yale ya kuvuta maji ya uzazi, na iliaminika zaidi iliposema mtoto hana hatari kuliko iliposema ana hatari. Kama siku moja ultrasaundi itapima mapafu kweli, naona itapitia njia hii. Lakini ulichoambiwa wewe juzi hakikutoka kwenye programu ya namna hiyo. Kilitoka kwenye jicho la mtu.

Na kile kipimo cha maji ya uzazi? Mwaka 1971 Louis Gluck na wenzake walieleza namna ya kupima aina mbili za mafuta ya safaktanti ndani ya maji yaliyovutwa kwa sindano kutoka tumboni mwa mama. Uwiano ukifika 2, mapafu huhesabiwa kuwa yamekomaa. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kuamua. Leo hospitali nyingi zimekiacha, na chama cha madaktari wa wanawake na uzazi cha Marekani kimeshauri kisitumike kupanga siku ya kujifungua kwa mimba ambayo umri wake unajulikana. Hoja yake naipenda kwa sababu haina mzunguko. Kama kuna sababu ya kweli ya kumtoa mtoto mapema, atatolewa hata mapafu yakiwa machanga, na tutajiandaa kumsaidia. Kama sababu haipo, basi kukomaa kwa mapafu hakuiumbi. Mapafu yaliyokomaa si mtoto aliyekomaa: ubongo unaendelea kukua kwa kasi kwenye wiki hizi za mwisho, ini linajifunza kushughulikia manjano, mtoto anahifadhi mafuta ya kumtunzia joto na sukari, na anapata uwezo wa kunyonya bila kuchoka.

Hilo limepimwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2010 uliangalia watoto waliozaliwa kati ya wiki 36 na 38 baada ya kipimo cha maji kuthibitisha kwamba mapafu yamekomaa, ukawalinganisha na waliozaliwa wiki 39 hadi 40. Waliopatwa na matatizo walikuwa asilimia 6.1 upande wa kwanza, asilimia 2.5 upande wa pili. Na hao, kumbuka, walikuwa na cheti cha maabara, si maneno ya mdomo.

Kwa mama kama wewe, aliyewahi kupasuliwa, takwimu ninayoirudia mara nyingi ni ya mwaka 2009, nayo ya Marekani, iliyohusu zaidi ya upasuaji 13,000 wa kupangwa kwa waliowahi kujifungua hivyo. Watoto waliopata matatizo walikuwa asilimia 15.3 kwa waliotolewa wiki ya 37, asilimia 11 kwa wiki ya 38, na asilimia 8 kwa wiki ya 39. Hapo ni wiki 37, ambayo kwa lugha ya mitaani mimba "imeshatimia". Wewe wiki ijayo utakuwa na 36.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na yale maji ya mapafuni niliyoyataja. Uchungu wa kuzaa una kazi yake: homoni zinazopanda wakati huo ndizo zinazoyaamuru mapafu yaache kutengeneza maji na yaanze kuyafyonza. Mtoto anayetolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza anakosa sehemu ya maandalizi hayo, na anaweza kuzaliwa akihema haraka haraka kwa siku moja au mbili huku safaktanti yake ikiwa tele. Hakuna kipimo cha kukomaa, cha picha wala cha maji, kinachotabiri hilo.

Sasa nije kwenye umri, kwa sababu hapo ndipo fundo lote lilipo. Una tarehe mbili zinazopishana kwa wiki mbili, na familia imeichagua iliyo karibu. Tarehe ya kufuata ni ile ya wiki 10. Kwenye miezi mitatu ya kwanza watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja. Anapimwa urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni, na makosa hayazidi wiki moja. Kuanzia wiki 28 kwenda mbele, watoto wameshaachana, wapo warefu na wapo wafupi, wapo wanene na wembamba, na makadirio ya umri yanaweza kukosea hadi wiki tatu kwa kila upande. Mashine haijui umri wa mtoto wako. Inapima kichwa, tumbo na paja, kisha inaandika: mtoto wa wastani mwenye vipimo hivi huwa na wiki 37. Hiyo "37" haikufuti 35 yako. Ni maelezo ya ukubwa.

Ile ultrasaundi ya wiki 10, ambayo pengine ilichukua dakika chache na ukaisahau, ndiyo kipimo bora cha mapafu ulichowahi kufanyiwa. Umri sahihi wa mimba unatabiri hali ya mapafu kuliko dalili yoyote ya picha nilizozitaja. Katika kumbukumbu za hospitali kadhaa za Marekani zilizochapishwa mwaka 2010, ugonjwa wa kushindwa kupumua kwa kukosa safaktanti uliwapata asilimia 10.5 ya waliozaliwa wiki ya 34, na asilimia 0.3 tu ya waliozaliwa wiki ya 38. Wiki nne, na hatari imeshuka zaidi ya mara thelathini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24.

Na sasa lile la sukari. Mtoto wa wiki 35 anayeonekana kama wa wiki 37 yuko upande wa wakubwa. Huenda ndivyo mlivyo katika ukoo wenu, au huenda ni kosa la kawaida la kipimo, maana makadirio ya uzito hupishana na uzito halisi kwa asilimia 10 hadi 15 bila mtu kulaumiwa. Lakini sababu nyingine ni kisukari cha mimba. Sukari ya mama ikiwa juu, inavuka kondo. Kongosho la mtoto linajibu kwa kumwaga insulini nyingi. Insulini inamnenepesha, na hiyohiyo insulini inachelewesha utengenezaji wa safaktanti. Unaona inavyogeuka? Kipimo kinachoonyesha mtoto mkubwa kinawapa wazazi imani kwamba amekomaa, kumbe ukubwa wenyewe unaweza kuwa unatokana na kitu kinachoyarudisha mapafu nyuma. Hata kile kipimo cha Gluck kiliwahi kuwaponza madaktari kwa mama wenye kisukari, kwa sababu uwiano ulifika 2 na bado mtoto akashindwa kupumua.

Hukuniambia kama ulipimwa sukari kati ya wiki 24 na 28. Kama ulipimwa, tafuta majibu. Kama hukupimwa, mwombe daktari akupime sasa, haijachelewa. Kwenye kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi, viwango vinavyohesabika kuwa kisukari cha mimba ni milimoli 5.1 kwa lita au zaidi kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja tu kikifika hapo, kinatosha.

Kuhusu sindano, mwambie dada nia yake ni njema na dawa anayoisema ni ya kweli, ila si kwa hali yako. Ni dawa za jamii ya steroidi: deksamethasoni au betamethasoni. Zilianza kwa bahati kiasi fulani. Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo, akashangaa kuona kondoo wachanga waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupata dawa hiyo wanapumua kuliko alivyotarajia. Mwaka 1972, yeye na Ross Howie wakachapisha majaribio kwa akina mama 282, na dawa imeokoa watoto wengi tangu hapo. Inafanya kazi pale ambapo mama ana uwezekano mkubwa wa kujifungua ndani ya siku saba na mimba iko kati ya wiki 24 na 34. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022. Mwongozo huo unadai pia umri wa mimba uwe unajulikana kwa uhakika, mama asiwe na dalili za maambukizi, na huduma kwa mtoto mchanga iwepo.

Masharti hayo hayakuwekwa kwa urasimu. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ulisambaza sindano hizi kwa upana mahali ambapo umri wa mimba ulikisiwa zaidi kuliko kupimwa. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti. Vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka badala ya kupungua, na maambukizi kwa akina mama nayo. Mwaka 2020 yakatoka majaribio mengine ya nchi tano, Kenya ikiwemo tena, safari hii umri ukihakikishwa kwa ultrasaundi na hospitali zikiwa na uwezo, na vifo vikapungua waziwazi. Dawa ni ileile.

Baada ya wiki 34, faida inapungua na gharama inapanda. Majaribio ya Marekani ya mwaka 2016, kwa mimba za wiki 34 hadi 36, yalipunguza matatizo ya kupumua kutoka asilimia 14.4 hadi 11.6, lakini watoto walioshuka sukari wakaongezeka kutoka asilimia 15 hadi 24. Na kama mama ana kisukari, sindano hizi humpandishia sukari kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kumchoma mama ambaye hana sababu ya kujifungua mapema, ili tu upasuaji wa hiari uwahi safari, siungi mkono.

Kwa haki, niitetee ultrasaundi kidogo. Kwenye mapafu yenyewe ina kazi kubwa isiyo na mbadala: kuona kama yapo ya kutosha. Utumbo ukipanda kifuani kupitia tundu kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kukiwa na uvimbe ndani ya pafu, maji yakijaa kuzunguka mapafu, au chupa ikipasuka mapema sana na mtoto akakaa miezi bila maji ya uzazi, mapafu yanaweza kubaki madogo. Hapo daktari hupima ukubwa wa pafu akilinganisha na kichwa cha mtoto, na namba hiyo husaidia kupanga azaliwe wapi na nani awe chumbani. Huo ni udogo, ambao ni tatizo tofauti na uchanga. Ripoti yako haikutaja lolote la namna hiyo.

Safari ya mzee ni jambo zito, najua. Mwanamke anayekwenda kupasuliwa anataka mtu wake awepo. Kwa hesabu ya wiki 10, wiki 39 zako zimebaki nne. Aulize kazini kama safari inaweza kusogezwa nyuma au mbele kwa kipindi hicho, na mkishindwa, chagueni sasa mtu atakayelala nawe hospitali. Siku ya upasuaji inaweza kuletwa mbele kwa sababu za kitabibu: presha ya mimba, kondo lililoziba njia au kujishika kwenye kovu, kisukari kisichotulia, mtoto aliyeacha kukua, au kovu la zamani lililokatwa wima juu kwenye mfuko wa uzazi. Muulize daktari kovu lako ni la aina gani, na kondo limekaa wapi kuhusiana nalo. Kwa aliyewahi kupasuliwa, hilo la pili lina uzito kuliko gredi 3. Ukiwa hapo, muulize pia kama unafaa kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida. Baadhi ya waliopasuliwa mara moja wanaweza, mradi hospitali iwe na uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura muda wowote.

Na usisubiri tarehe ya miadi kama uchungu umeanza, maji yamevuja, unatoka damu, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au kovu linauma hata tumbo likiwa limeachia. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kurudia kipimo kila wiki kwa ajili ya mapafu, hapana. Hakitakudhuru, ila hakitakuonyesha unachokitafuta. Ukuaji wa mtoto wenyewe hupimwa kwa kuacha wiki mbili au tatu katikati, kwa sababu kosa la mashine ni kubwa kuliko anachoongezeka mtoto kwa wiki moja. Sukari ikionekana iko juu, ratiba itabadilika na utaonwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo anza na hilo wiki hii: nenda asubuhi kabla hujala chochote, na ubebe ripoti zote mbili za ultrasaundi, hasa ile ya wiki 10.